Gari la Viti Viwili

Jumatatu, 16 Agosti 2021. Merrylands.

Nimeamua. Tarago, gari letu la familia, iondoke.

Viti vinane! Kwa watu wawili! Huda, mwanetu, kaolewa Bankstown mwaka wa tatu huu, na bado tunazunguka na viti vyake, vya rafiki zake na vya mabegi yao. Mimi ni dereva wa basi la shule hapa ughaibuni. Miaka tisa nikigeuka nyuma naona vichwa hamsini. Sasa shule zimefungwa kwa corona, wiki ya nane niko nyumbani, nimepata nafasi ya kufikiri. Nataka gari ambalo nikigeuka nyuma sioni mtu.

Lipo. Mazda jekundu, la spoti, viti viwili, paa linafunuka. Anauza Libère, dereva mwenzangu, Mrundi wa Blacktown. Bei yake hata mimi naiweza, ila Tarago iuzwe kwanza. Kanipa mpaka Jumapili. Kwenda kulitazama siwezi: kwa amri ya corona mwisho wetu kilomita tano kutoka nyumbani, na Blacktown ni kumi na kitu. Nimeliona kwa picha kumi na saba. Yatosha. Watu wameoa kwa picha.

Sababu nyingine si ya maana, naiandika tu. Sufian wa nyumba ya mbele, mtu wa Mombasa, kanunua kigari cha kijivu chenye bomba mbili za moshi. Kila asubuhi hukinguruma dakika tano, kisha huenda nacho dukani, mita mia nne. Akipita ananipungia mkono. Mkono ule!

Khamisa sijamwambia. Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, hapa hapa karibu, huenda kwa miguu. Tangu walipopata mgonjwa wa corona mwezi wa Julai, kajitenga nami kwa ajili ya sukari yangu. Analala chumba cha Huda. Akirudi saa tisa na nusu huingia kwa mlango wa nyuma, huoga, kisha chai tunakunywa mbele ya nyumba: yeye ndani ya Tarago, kiti cha nyuma, mlango wa kusukuma uko wazi, mimi nje, kwenye kiti cha plastiki. Mita mbili. Nilipima mwenyewe, ufagio mmoja na nusu. Chai yenyewe hupoa upesi.

Nitamwambia nikishauza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne, 17 Agosti

Mazoezi. Libère kanionya kwamba gari liko chini sana, na goti langu la kulia halina adabu. Nikaweka mto sakafuni sebuleni, miguu mbele, sinia mkononi ndiyo usukani. Kuingia: sekunde nne. Kutoka: nimeshindwa. Saa saba nimekaa. Saa nane nimekaa. Nikajaribu kujiviringisha, nikakwama kati ya sofa na meza.

Khamisa kanikuta chali, sinia kifuani. Alipiga ukelele, Sufian akatokea dirishani kwake. Alikuja mbio kunishika, akakumbuka, akarudi nyuma mpaka mlangoni, mikono kaificha mgongoni. Nikamwambia ni mazoezi ya goti, daktari kaagiza kwa simu. Akauliza na sinia je. Nikasema ndiyo uzito.

Hakucheka. Akanisukumia ufagio kwa mguu, nikajizoa nao.

"Baba Huda," alisema, "kazini naaga watu kila wiki. Nyumbani nataka nikukute kwenye kiti."

Baadaye nikakuta kaniachia mlangoni mafuta ya karafuu na kitambaa cha kufungia goti. Nimejipaka. Goti limepoa, roho bado.

Jumatano, 18 Agosti

Nilimpigia Huda aniwekee tangazo la Tarago mtandaoni. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoea. Akauliza kama mama anajua. Nikasema mama kafurahi mno. Akasema hilo ndilo gari alilojifunzia kuendesha, ndilo lililompeleka ukumbini siku ya harusi, na yeye haliuzi. Akakata. Watoto wa siku hizi hawana biashara vichwani.

Nimeliweka mwenyewe. Picha nne. Baada ya saa moja, ujumbe saba! Watatu wanauliza bei ya kanga zilizoanikwa nyuma ya gari. Mmoja anautaka mlimau unaoonekana pembeni. Wawili wanauliza kama nina gari dogo zaidi. Wa saba ndiye mtu: Mirindi, Mkongo wa Guildford, baba wa watoto sita.

Alhamisi, 19 Agosti

Kutembeleana marufuku. Nikamwambia Mirindi aje na viatu vya mbio, tukiulizwa yuko mazoezini. Kaja na viatu vya mbio na suti ya kanisani. Akarukaruka kidogo pale barabarani, kwa uaminifu.

Injini kaisifu. Viti kavihesabu mara mbili, uso umemng'aa. Alipousukuma mlango akashusha barakoa, akanusa. Akasema linanuka hospitali. Ni kweli: dawa ya mikono ya Khamisa, sabuni ya kazini kwake, barakoa zake kila mahali. Atarudi kesho saa nane na mkewe Dévote, maana yeye ndiye mwenye pua.

Pua! Basi tatizo ni hilo tu? Mimi nimezaliwa Unguja. Mambo ya harufu nifundishwe na nani?

Ijumaa, 20 Agosti

Nimefukiza.

Udi ni wa Khamisa, uko kwenye kikopo cha bati kabatini. Mama yake alimtumia kutoka Tanga kabla mipaka haijafungwa. Vipande vinne vilibaki. Yeye huchoma kidogo tu siku ya Idi, tena kwa kupimia. Mimi nilitia vitatu. Chetezo sakafuni mwa gari, vioo juu, dakika ishirini.

Saa nane kasoro, Sufian kavuka barabara mbio na mpira wa maji. Kadhani gari linawaka. Kanilowesha mimi, kiti cha plastiki na karatasi ya bei niliyobandika kiooni. Nilipomweleza, akauliza kwa sauti kama ndiyo ile nyungu ya corona wanayojifukiza kwetu Tanzania. Mtaa mzima unasikia!

Katikati ya hayo wakafika Mirindi na Dévote. Nikausukuma mlango kwa madaha. Moshi ukatoka wote kwa mkupuo. Mirindi akarudi hatua tatu.

"Mzee," akasema, "hii gari iko naungua ndani. Ni nyaya."

Nikaeleza udi. Nikaeleza harusi, Idi, wageni wa heshima. Dévote alikuwa keshafika kwenye kona, na yeye hakuvaa viatu vya mbio.

Nimekaa nimelowa, namlaani Sufian kimoyomoyo, Khamisa akarudi. Akaoga. Akaja na kikombe chake. Akasimama mlangoni mwa gari, hakuingia, akavuta pumzi. Nikajua leo nimekwisha. Udi wa mama yake!

Akaingia, akakaa kwenye kiti chake, akaegemeza kichwa, akaanza kulia.

"Ulijuaje?" aliniuliza.

Sikujua lolote. Nikajifanya nakamua shati. Akanieleza kwamba leo kaondoka bibi wa chumba namba tisa, ambaye kamwogesha miaka minne. Wanawe hawakuruhusiwa kuingia. Khamisa ndiye aliyemshikia simu sikioni, wakamuaga mmoja mmoja, wote watano.

"Kutwa nzima nawaza kiti hiki tu," akasema. "Nifike, nikae, nikuone. Nawe umenifukizia kama bi harusi."

Nikakisogeza kiti changu mpaka pale ufagio unapoishia. Zaidi ya hapo hairuhusiwi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na leo nimeuchukia ufagio. Nilimwonea huruma mke wangu, nikajionea haya mimi. Chai ikapoa, sikujali. Simu ya Libère ililia mfukoni mara mbili. Nikaizima.

Jumamosi, 21 Agosti

Mirindi kapiga asubuhi. Kamuuliza mwenzake wa kazini, Msomali, akafafanuliwa udi ni kitu gani. Anaomba radhi. Analitaka gari, kwa bei yangu ile ile, na leo hii.

Nikatoka nikasimama mbele ya Tarago. Nikalichukua lile jekundu kichwani, nikaliegesha mahali pake. Khamisa angekaa wapi? Mlango wa kusukuma halina. Angekaa kule chini, magoti yamemfika kidevuni, na mimi juu kwenye plastiki kama hakimu. Siandiki nilifikiri muda gani. Kisha nikampigia Mirindi nikamwambia alisema kweli, nyaya zinaungua. Akanishukuru kwa kuwa mkweli. Libère nikamwandikia aliuze tu. Kumbe kaliuza tangu jana kwa mtu wa Penrith, ndilo alilokuwa ananipigia.

Kwenye chai, Khamisa akaniambia bila kunitazama kwamba Huda alimpigia Jumatano ile ile. Tangazo kaliona, na kanga zake kaziona. Alikuwa ananingoja nimwambie mwenyewe.

"Nilipokuta udi," alisema, "nikajua umeghairi, ila huna kinywa cha kusema."

Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeghairi. Na kughairi nimeghairi kweli, ni tarehe tu haziafikiani. Naandika hapa kwa mkono wangu: hila basi. Mke kama huyu hadanganywi tena.

Jumapili, 22 Agosti

Nimepata wazo. Si hila. Wazo.

Sufian kapita asubuhi na bomba zake, kapunga mkono. Nikamtazama mpaka akaishia, nikajiuliza: uspoti wa gari ni nini hasa? Wepesi! Na uzito wa Tarago ni nini? Viti! Mimi nakalia kimoja, Khamisa kimoja. Sita ni mzigo wa bure. Ving'oke hivyo sita, nina gari la viti viwili, na mlango wa kusukuma juu yake! Na sikutumia hata senti. Khamisa hana haja ya kuambiwa, atajionea.

Yuko kazini. Spana nimeazima kwa Sufian, nimemwambia ni ya kitanda. Kufika saa saba viti vitano viko chini ya mlimau. Cha sita kilikuwa kikaidi. Boliti tatu zimetoka, ya nne kichwa kimekatika. Nikakivuta kwa nguvu zote, mguu wake ukavunjika. Ndipo nikaona, kwenye kimfuko cha ubavuni, miwani ya kusomea na barakoa mbili za akiba.

Ni kile chake.

Nimekisimamisha kwa matofali mawili na mto wa sebuleni. Ukikitazama kwa mbali, mita mbili hivi, huwezi kujua. Sasa ni saa tisa na dakika tano. Kwenye kikopo cha bati kimebaki kipande kimoja cha udi.

Makaa yameshashika moto.