Ngamia Watatu na Chupa Yangu ya Viluwiluwi

Garissa, Jumatatu, 13 Juni 1966

Mimi, Zakayo Hiribae, karani mstaafu, leo nimefundisha mzunguko wa maisha katika darasa la watu wazima la afya na mifugo. Nilileta chupa ya viluwiluwi. Nikaeleza kwa utaratibu: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu. Mama Arbia, aketiye mbele, akauliza mzunguko uko wapi ikiwa mbu mwenyewe hufa. Nilimwomba radhi. Gelle, mchuuzi wa mifugo, alikuwa na jibu: kesho ataleta ngamia watatu, bibi, mama na ndama. Darasa lilifurahi. Nami pia, kwa adabu.

Alhamisi afisa wa elimu anakuja kuchagua mwalimu wa kudumu. Tangu mke wangu Damaris afariki, sina pengine pa kusemea neno mchana kutwa. Darasa hili silitoi!

Jumanne, 14 Juni

Vita hivi vya mashifta vina taratibu zake. Mifugo haiingii mjini bila kibali. Alfajiri nilimkumbusha sajenti wa polisi jambo hilo, kwa nia njema kabisa. Ngamia wamezuiliwa katika ua wa kituo cha polisi. Dhamiri ilinisumbua hadi saa sita. Kisha nikala.

Alhamisi, 16 Juni

Balaa! Afisa alipita kituoni kugongewa muhuri karatasi zake za safari, akamkuta Gelle akimsimulia sajenti nasaba ya ngamia wale. Akaagiza darasa lote lihamie uani. Gelle akamshika bibi shingoni.

"Huyu alizaa huyu, na huyu akazaa yule mdogo. Bibi atakufa. Maziwa hayatakatika."

Arbia akanigeukia. "Mwalimu, kumbe mzunguko si wa mmoja. Ni wa ukoo."

Maana kamili ya istilahi hiyo! Nimeitafuta kitabuni miaka minne. Chupa yangu haikuulizwa na mtu. Ngamia wakaachiliwa, darasa akapewa Gelle. Kisha sajenti akanishukuru, mbele ya wote, kwa kumpasha habari za ngamia. Nilitamani ardhi inimeze. Gelle akacheka tu.

"Adeer, mzee wangu, bila wewe ningepata wapi ua mkubwa namna hii?"

Jumamosi, 18 Juni

Gelle amenitembelea na kibuyu cha maziwa. Amekiri kwamba hajui kuandika. Mwalimu hutakiwa kutia jina lake katika daftari la masomo kila siku, na daftari hupelekwa makao makuu, ambako hakuna amjuaye kwa sura. Akaniomba, kwa heshima kubwa, nimfundishe kuandika jina lake. Mtu muungwana angekataaje?

Tumeketi kwa muda wa saa mbili. Ni mwepesi kushika. Mara ya mwisho aliandika safi, bila kuinua kalamu, akanionyesha kwa fahari jina alilodhani ni lake: Zakayo Hiribae.

Samahani sana, Gelle. Una mwandiko mzuri kuliko wangu.