Ombi la Kuikunja Nchi Katikati

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Upimaji na Ramani.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena itakukuta mwaka huu huu, maana kwa ukubwa wa nchi yetu lolote laweza kutokea. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya msingi huku magharibi. Wanafunzi huniita Latitudo, nami nimeshazoea. Kwa heshima zote, nalalamika kwamba nchi hii ni kubwa kupita kiasi, na nadhani hata wewe mwenyewe hujaimaliza.

1. Mwaka jana mke wangu, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa mashariki. Afisa uhamisho aliipima safari kwa kidole kwenye kalenda yenye ramani iliyo mezani kwake, akatutuliza kwamba ni vidole viwili tu. Vidole hivyo ni siku tano za treni, mito mitatu, safu ya milima, na jangwa ambalo abiria hulala wakaamka bado liko dirishani.

2. Jua la kule limetangulia kwa saa nne. Nikitoka darasani, mikono bado ina chaki, mwenzangu ameshaingia zamu. Akitoka zamu, mimi nakoroma. Tunaachiana salamu kwenye simu kama wapangaji wanaopishana mlangoni.

3. Hali ya hewa haina msimamo. Aliagiza sweta la baridi. Lilipofika kule, watu walikuwa wanatafuta kivuli. Sasa analikunja na kulifanya mto wa kulalia.

4. Watu wamegawanywa ovyo. Huku foleni ya bomba la maji inapita mbele ya ofisi ya walimu. Kule wodi yake ina wagonjwa sita, na mmoja wao ameshapona, amebaki kupiga soga. Katikati hakuna mtu kabisa. Nimeikagua ramani wiki nzima, sikumwona.

5. Binti yetu ana miaka minne. Kila jioni hupanda stuli ili aiguse kona ya juu ya ramani ninayoitundika ukutani nyumbani, aliko mama yake. Kona hiyo imeanza kufutika. Hili silifanyii mzaha. Mtoto anamkumbuka mama yake, na mimi pia.

Sasa, ramani hiyo ni ya shule. Kila asubuhi huikunja katikati niende nayo darasani, na nimegundua kwamba ikikunjwa, mji wetu unakutana na mji wa mke wangu uso kwa uso. Mkunjo umeshalila jangwa lote, na hakuna mzazi aliyelalamika. Naomba serikali ifanye hivyo hivyo kwa nchi yenyewe. Milima itachomoza kidogo, lakini tutaizoea. Kazi ianze Jumatatu.

Wasalimie wapimaji wote, dereva wa idara, na mama wa masjala atakayeisoma barua hii kabla yako.

Wako mtiifu,
Latitudo, mwalimu wa jiografia.

Tanbihi: Naomba ombi langu lisitekelezwe. Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu amepiga simu kutoka kituo cha treni. Amepewa likizo, na hakutaka kutuambia mpaka aivuke milima. Tumehesabu vituo kwenye ramani mara mbili, na binti sasa anamfikia bila stuli. Nilisema katikati hakuna mtu. Yupo, tena yuko palepale kwenye mkunjo. Tafadhali msiguse kitu.