Vali ya Nyuma ya Ghala

Jumatatu, 4 Mei

Siku njema sana. Nimepata lengo la maisha.

Asubuhi mkuu wa kiwanda ametuita sote kwenye ukumbi wa chakula. Ni mama asiyepandisha sauti. Akinong'ona, watu mia tatu huacha kutafuna. Akasema idara ya maji imetuletea onyo: bwawa limeshuka, mitaa inapata maji siku mbili tu kwa wiki, na sisi tunaotengeneza chipu za simu na kompyuta tunakunywa kama mji mzima. Tupunguze sehemu moja kati ya tano kabla ya Jumamosi, la sivyo zamu ya tatu inafungwa. Zamu ya tatu ni watu sitini. Hakuna aliyemalizia chai yake.

Kisha ikaja habari tamu. Kutakuwa na cheo kipya, Msimamizi wa Maji. Kila sehemu ina mita yake, na atakayeshusha mita yake kuliko wote ndiye atakayekipata. Pamoja na ofisi yenye dirisha. Dirisha! Nina miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha kuosha, sijui kama mvua inanyesha mpaka nitoke nje na kulowa.

Nimetazama huku na huku. Mpinzani ni mmoja tu: Kalamu, wa mitambo ya kupozea. Tunamwita hivyo kwa sababu hubeba kalamu nne mfukoni, za rangi nne, na zote zinaandika. Mtu wa namna hiyo si wa kuaminiwa.

Jumanne, 5 Mei

Kwa wale watakaosoma shajara hii nikishakuwa mashuhuri, nieleze kazi yangu. Chipu hutengenezwa juu ya visahani vya silikoni, vyembamba kama ganda la kitunguu. Kila kisahani huoshwa mara nyingi, kwa maji yaliyochujwa mpaka hayana chumvi, hayana harufu, hayana chochote. Ikibaki chembe moja ya vumbi, kisahani kimekwisha. Muoshaji ni mimi. Kwa hiyo mita yangu ndiyo yenye mbio kuliko zote, na maji ya visahani hayapunguziki bila kuharibu kazi.

Nikaamua kuanzia vyooni. Nikajaza mchanga kwenye chupa sita, nikazitumbukiza ndani ya matangi ya vyoo vyetu sita, ili mtu akivuta, maji yatoke kidogo. Wazo safi kabisa. Ila chupa tatu zilinasa pale penye boya, boya likashindwa kupanda, na maji yakatiririka tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Fundi bomba akaniuliza ni mjinga gani aliyefanya hivi. Nikamwahidi nitafanya uchunguzi.

Mita yangu imepanda. Ya Kalamu imeshuka kidogo. Inasemekana amekaza nati mbili zilizokuwa zinavuja. Nati mbili! Mtu hana ubunifu hata chembe.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Yeye ni mshonaji, akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Mama mkwe hakucheka. Anakaa nasi tangu bomba la mtaani kwake lilipokauka. Alisema yeye anaoga kwa kikombe, huku mkwewe anashinda akiosha visahani ambavyo hakuna aliyevilia chakula.

Jumatano, 6 Mei

Bahati imenitembelea, ikakaa dakika kumi, ikaondoka.

Mchana Kalamu alisahau daftari lake juu ya meza ya chakula. Mimi si mwizi. Nililifungua tu ili nijue ni la nani, ingawa jina lilikuwa juu. Ndani, mchoro mzuri ajabu: mabomba, tangi dogo, mishale ya rangi nne. Nikaunakili haraka haraka, nikauwahisha kwa mhandisi kama wazo langu la kurudisha maji kiwandani. Mhandisi akageuza karatasi kulia, akageuza kushoto. Akaniuliza kwa upole kwa nini kiwanda kinahitaji beseni la mtoto na mahali pa kuwekea sabuni.

Ulikuwa mchoro wa bafu jipya la nyumbani kwa Kalamu.

Jioni nikaamua angalau nimtulize mama mkwe. Nikambebea lita tano za maji yetu yaliyochujwa, nikamkaribisha aonje maji safi kuliko yote aliyowahi kuyaona. Akaonja. Akasema maji haya hayana mtu ndani. Yote yameishia kwenye pasi ya mvuke ya mke wangu. Mke wangu anasema pasi haijawahi kuteleza vizuri hivi. Nimefurahi kumfaa mtu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimelala, nimeamka na akili. Kama mita yangu haishuki, basi ya Kalamu ipande.

Mitambo ya Kalamu iko juu ya paa, minara mikubwa ya kupozea. Maji yake huenda hewani kutwa nzima kama mvuke wa sufuria, na tangi lake hujazwa tena na maji ya mji. Sasa, nyuma ya ghala kuna vali ya zamani, imejaa kutu, na juu yake pameandikwa MNARA kwa rangi iliyofifia. Hesabu ni rahisi. Nikiifungua, tangi la mnara litamwagika, litajazwa upya na maji ya mji, na mita ya Kalamu itazunguka kama feni.

Niliwafikiria kidogo wale sitini wa zamu ya tatu, maana Kalamu akipanda, kiwanda kizima kinapanda. Yupo dada mmoja wa zamu ile, mjamzito, ambaye hunisalimia kila nikimpisha langoni. Nikajiambia nikishapata cheo nitawasaidia wote kwa pamoja.

Saa saba mchana, wenzangu wakiwa wanakula, nikaenda. Gurudumu la vali halikutaka. Nikaweka mguu mmoja ukutani, nikavuta kwa mikono miwili, likalia kama mbuzi, likazunguka. Nikasikia maji yakienda zake ndani ya bomba. Nikajipangusa kutu, nikaenda kula kwa hamu ya mtu aliyefanya kazi halali.

Ijumaa, 8 Mei

Sielewi.

Nimepita kwenye mita ya Kalamu asubuhi. Haizunguki kama feni. Imesimama. Nimeigonga kwa ukucha, nimeivizia kwa dakika tano nzima. Sindano inatetemeka tu, kama mtu anayesinzia. Minara huko juu inafuka mvuke kama kawaida. Maana yake moja tu: ameichezea mita. Yule mtu wa kalamu nne, mkaza nati, ni tapeli. Na nilikuwa nimeanza kumheshimu.

Uovu kama huu haunyamaziwi. Nimeandika barua ya siri kwa mkuu. Nimesema Kalamu anaidanganya mita. Ili iwe na uzito, nikaongeza kwamba nilimwona kwa macho yangu mawili, Alhamisi saa saba mchana, akiifungua vali ya nyuma ya ghala. Kwa njia hiyo hata ile vali imepata mwenyewe, na si mimi. Nikatia saini: Mpenda Ukweli. Karatasi mpya hazipatikani, kabati limefungwa kwa amri ya kubana matumizi, kwa hiyo nimetumia upande wa nyuma wa karatasi iliyokuwa kwenye droo yangu. Nimeipenyeza chini ya mlango wa mkuu.

Mke wangu ameniuliza kama kweli Kalamu aliifungua hiyo vali. Nikasema kwa maana fulani. Akauliza ni maana gani. Nikatoka kwenda kukagua kama geti limefungwa.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika nikiwa bado na viatu miguuni.

Tumeitwa tena ukumbini. Mhandisi ndiye aliyeanza. Akasema amepokea taarifa kuhusu vali ya nyuma ya ghala, akafuata bomba lake jana mpaka jioni. Halitoki kwenye mnara. Linakwenda mnarani, nalo linaanzia kwenye chumba changu. Waliojenga kiwanda walilitandika kwa ajili ya maji ya kusuuzia visahani mara ya mwisho, lakini kazi ilipoanza hakuna aliyekumbuka kulifungua. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiyamwaga mtaroni. Ameyapima: maji tunayoyatupa ni safi kuliko yale tunayoyaleta kutoka mjini. Tangu Alhamisi saa saba yanaijaza minara, na minara haihitaji tena maji ya mji ila kidogo sana. Kiwanda kimeshuka karibu robo. Zamu ya tatu inabaki.

Ukumbi ulilipuka. Wale sitini, waliokuja na nguo zao za nyumbani kusikia hatima yao, walikumbatiana hovyo. Yule dada mjamzito alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Maji ni yangu! Na mkono ulioifungua vali ni huu! Nikasimama, nikashusha pumzi.

Mkuu akasema, kwa kunong'ona, kwamba kwa bahati aliyefanya jambo hili anajulikana, kwa kuwa yupo shahidi. Akatoa barua yangu. Akasoma: nilimwona kwa macho yangu mawili. Cheo akakabidhiwa Kalamu hapo hapo.

Kalamu alisimama, akasema hajawahi kuigusa vali hiyo. Watu wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Alipokana mara ya pili, wengine walitoa machozi.

Baada ya mkutano nikamfuata mkuu ofisini, nikamwambia ukweli mtupu, kwamba ni mimi. Aligeuza ile barua, akaniwekea mezani upande wa pili. Ilikuwa nakala ya ombi langu la likizo la mwezi wa Januari, lenye jina langu na namba yangu ya kazi, la kwenda kumzika mama mkwe.

"Barua hii ni yako?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na uliyoandika humu ni kweli?"

Nikaona njia mbili. Nikisema ni kweli, Kalamu ndiye aliyefungua. Nikisema si kweli, mimi ni msingiziaji, na unga wangu umemwagika leo leo.

"Ni kweli, mama. Kila neno."

"Basi usimwonee mwenzako wivu," akasema. "Na pole tena kwa msiba."

Nikamshukuru.

Jumapili, 10 Mei

Redioni wametangaza kuwa maji tuliyoyaacha yatawapa watu wa bondeni siku ya tatu ya bomba kila wiki. Mtaa wa mama mkwe ni wa bondeni. Alishangilia, akaanza kufunga mizigo. Anasema kesho ataoga kwa ndoo nzima, na nyingine ataimwaga tu ili aione.

Alasiri hodi ikapigwa. Mama mkwe akafungua mlango. Alikuwa Kalamu, ambaye mwezi wa Januari alinishikia zamu tatu ili nimzike mama mkwe kwa amani. Mke wangu akamtambulisha mama yake. Kalamu alimwangalia marehemu akimvutia kiti. Kisha akamwamkia kwa adabu, akakaa. Lazima niseme alijikaza kiume.

Mama mkwe alipokwenda jikoni, Kalamu akaongea bila kuzunguka.

"Kaka, Alhamisi mchana nilikuona ukumbini na kutu mpaka kwenye viwiko. Vali ulifungua wewe. Twende kesho kwa mkuu tukamwambie. Mimi nitasema, wewe ukae tu. Cheo si changu, sitaki kukikalia."

Nilimchunguza usoni. Hakupepesa. Mke wangu, aliyekuwa anasikiliza kutoka cherehanini, alinifanyia ishara ya kichwa: kubali. Lakini mimi si mtoto. Mtu hatoi ofisi yenye dirisha bure. Bila shaka alitaka nikiri mbele ya watu kwamba nilikwenda kummwagia tangi, nifukuzwe kazi kwa adabu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kushikilia ushahidi wangu: nilimwona.

Alinikodolea macho. Akacheka, cheko la mtu aliyechoka, akasema kama ni hivyo ataomba niwe msaidizi wake. Nikasema nitalifikiria. Alipoondoka mke wangu aliniambia kwamba nimefungua mlango wa peponi nikampisha mwingine, kisha nikagoma hata kuingia nyuma yake. Mama mkwe akauliza kama yule kijana ameoa.

Jumatatu, 11 Mei

Siku njema kuliko zote.

Mkuu ametuita tena. Baada ya maji, sasa ni umeme. Kutakuwa na Msimamizi wa Umeme, mwenye ofisi yenye madirisha mawili. Wenzangu wamekimbilia kukagua taa na feni, kama Kalamu na nati zake. Nawaonea huruma. Mimi nimeshaelewa kiwanda hiki kinavyokwenda: anayejisifu huaibika, anayeshtakiwa hupandishwa cheo.

Kwa hiyo nimeandika barua ya siri ya kunishtaki mimi mwenyewe. Nimesema nimeonekana kwa macho mawili, leo saa saba mchana, nikizima swichi kuu kwenye chumba cha umeme. Safari hii nimetafuta karatasi mpya na kukagua pande zote. Nimeshaipenyeza chini ya mlango wa mkuu.

Saa hizi ni saa saba kasoro dakika tano. Kilichobaki ni kwenda kuizima. Swichi ziko tatu, na sikumbuki ipi ni ya nini. Moja ni nyekundu. Nitaanza na hiyo.