Dashibodi ya Bosi na Vifaranga wa Uwemba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shajara yangu mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo. (Milele amina. Najijibu mwenyewe, kwa kuwa wewe huwezi.) Natumaini u mzima humo kabatini. Niwie radhi kwa kukawia tangu Pasaka. Niliikalia miwani yangu.

Nina jambo. Kila Jumamosi Mama Emerensiana, mjane kama mimi na mwenyekiti wa akina mama hapa Uwemba, huenda Makambako kuchukua vifaranga wa kikundi. Huenda na pikapu ya Hilario. Si kwa ajili ya Hilario, namshukuru Mungu, bali kwa ajili ya dashibodi yake: mbele ya usukani pana namba inayoonyesha joto la nje, naye mama hujua kama ayafunike maboksi. Dashibodi ya pikapu yangu ni toleo la chini. Mishale mitatu, mmoja umelala tangu marehemu mke wangu Eufrasia akiwa hai.

Zaidi ya namba hiyo, Hilario hana sifa. Hata zaburi huiimba kwa pua.

Nimeazimia kuweka toleo la juu. Sina nia mbaya. Nataka tu kiti changu cha mbele kisiendelee kubeba mwavuli peke yake.

Jumatano, 11 Juni

Makambako, kwa fundi Davis. Akasema anayo dashibodi ya kishua, neno ambalo misheni hatukufundishwa. Akaifunga. Taa za buluu kama altare ya Noeli! Kilomita zimebadilika pia: tangu asubuhi pikapu yangu imetembea mara mbili ya umri wake.

Mahali pa joto la nje, vistari viwili tu. Nikamwomba radhi fundi, nikamweleza kuwa pasipo namba safari yangu ni bure. Akaingia chini ya boneti na kipande cha waya, akatoka. Namba ikaja. Nyuzi thelathini na nne.

Nikauliza, kwa heshima, kama Makambako hufikia thelathini na nne mwezi Juni. Akajibu: “Mzee wangu, hii imetoka kwenye gari la bosi. Wewe bado unasikia baridi ya dashibodi ya zamani.”

Nikamwomba radhi tena.

Alhamisi, 12 Juni

Alfajiri sakitu, umande ulioganda, imeyachoma maharage yangu. Nimefika kanisani, dashibodi inasema thelathini na sita. Nikavua koti. Vidole vyangu vilipinga, lakini vidole havijasoma.

Hilario akaegesha kando yangu. Yake: saba. Watu wakajaa madirishani. Hilario akaniuliza: “Bwana Kasimiri, umekuja kutoka Tanga?” Nikamjibu kwa upole kwamba vyombo vya toleo la kawaida huchelewa kupata habari. Katekista, mpenda amani, akashauri tuchukue wastani. Tukapata ishirini na moja na nusu. Hakuna aliyeiamini, lakini ugomvi uliisha.

Mama Emerensiana alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema Jumamosi ataenda na mimi, kwa kuwa vifaranga wake hawajawahi kuishi kwenye thelathini na sita. Nimeoga. Nimeoga tena.

Jumamosi, 14 Juni

Najikaza niandike.

Kwenda, vizuri. Alikalia kiti cha mbele. Mwavuli nilikuwa nimeuhamishia chini ya miguu yangu. Kurudi, maboksi ya vifaranga nyuma, ukungu umeshuka. Tulipofika Mahongole, mama akataka kuwafunika kwa blanketi. Nikamwonyesha namba: thelathini na saba. Nikamsihi asiwanyime hewa watoto wa watu. Akanitazama nilivyokaa kwa shati tupu, meno yakigongana, akasema haya. Blanketi likakunjwa.

Baadaye kidogo akaniambia nisimame. Kelele za nyuma zimekoma.

Walikuwa wamerundikana pembeni kama ugali uliomwagika. Mama akaniambia, bila kupaza sauti: “Mzee Kasimiri, hawa dashibodi hawaijui.”

Akaamuru boneti ifunguliwe, tuwapashe wanyonge kwa joto la injini. Hapo ndipo alipokiona kidude cha Davis cha kupimia joto: kimefungwa kwenye bomba la rejeta. Kumbe hakikusema uongo. Kilisema habari za mahali kilipo.

Wengine aliwaweka mapajani. Wengine aliniamuru niwatie ndani ya shati, juu ya simu yangu. Walizinduka wote isipokuwa mmoja. Nilimwomba radhi mama, nikamwomba radhi na marehemu.

Hilario akatukuta. Kwake ni nane. Aliwachukua vifaranga, blanketi, na mama. Hakunicheka, jambo ambalo sitamsamehe upesi.

Jumatatu, 16 Juni

Kikohozi. Nimetafakari kwa unyofu wote, nami nimeliona kosa. Lilikuwa langu.

Niliridhika na toleo la juu, wakati lipo la juu zaidi. Davis alinidokezea: kioo kimoja kikubwa, kinaonyesha joto la nje na la nyuma kwenye mzigo. Vifaranga watakuwa na namba yao wenyewe! Mama hataweza kukataa.

Nimemwandikia aniwekee. Simu haiwaki tena tangu ilale na vifaranga. Barua ataipeleka Hilario Jumamosi. Nimeiomba radhi bahasha, na Mama Emerensiana, atakayekaa mbele, ameahidi kuishika isikunjike.