Msaidizi Asiyejua Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Suva. Mvua. Mkurugenzi wa idara yetu ya hali ya hewa, Bi Mereseini, ameniita. Warsha ya Noumea, ng'ambo ya bahari, ni yangu. Siku tatu, wapima mvua ishirini wa visiwani, niwafundishe kukokotoa takwimu zao kwa kompyuta. Wao Kifaransa, mimi Kiingereza. Nitafute msaidizi mwenye lugha zote mbili, la sivyo safari anapewa Prasad. Prasad wa ofisi ya jirani, anayekunywa chai kwa kuivuta!

Jumanne, 4 Machi
Wamekuja watatu. Kifaransa wanakijua. Kompyuta pia, kunishinda. Mmoja alinisahihishia kosa la programu niliyoionyesha ukutani kabla hajaketi. Nimewaambia nafasi imejaa. Nikimchukua mtu kama huyo, nani atanitazama mimi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimempata. Bi Léontine Waheo, anayeoka mikate kantini yetu. Mzaliwa wa Ouvéa, kisiwa cha upande wa Noumea, Kifaransa cha utotoni, Kiingereza cha miaka kumi hapa Suva, Fiji. Nilimuuliza kama amewahi kugusa kompyuta. Akasema ndiyo, akiifuta vumbi. Safi kabisa. Prasad kauliza kama nina akili timamu. Wivu huo.

Jumatatu, 17 Machi
Noumea. Nimefundisha kwa madaha. Ajabu moja: nikitoa maelezo marefu, Bi Léontine anasema maneno mawili. Nikitaja neno moja, anaongea dakika tano na darasa linacheka. Nikamuuliza anawaambia nini.
"Nawatafsiria, Mwalimu. Ila ukikosea, narekebisha."
Kumbe alifundisha hesabu sekondari miaka ishirini kabla ya kumfuata mumewe Fiji. Mbona hakusema? Anadai sikuuliza.

Jumanne, 18 Machi
Balaa. Programu yangu imetoa mvua ya mwaka mzima chini ya sifuri. Eti maji yanapanda mawinguni. Jasho. Nikaamua kusingizia umeme, nikainama kuchomoa waya wa kompyuta. Nikachomoa wa feni. Joto likazidi.
Bi Léontine akapitisha kidole mstari kwa mstari, kama anayesahihisha daftari, akauliza mbona nimetoa pale pa kujumlisha. Akabadilisha alama moja.
Mwanafunzi mmoja, Mzee Passil, amepima mvua ya kisiwa cha Lifou miaka thelathini kwa kopo na penseli. Akaiona kwenye mchoro ukutani, ikipanda na kushuka, miaka yote. Akasimama. Akagusa kilele kimoja, akasema jambo taratibu. Bi Léontine akanigeukia.
"Anasema siku hiyo kimbunga kilichukua paa lake. Namba hii aliiandika akiwa chini ya meza."
Darasa zima likapiga makofi. Nami nikapiga. Kisha nikainamisha kichwa kwa heshima, endapo makofi mengine yalikuwa yangu.

Jumatano, 19 Machi
Kwaheri. Bougna: viazi vikuu na samaki kwa tui, ndani ya majani. Nimekula sahani tatu. Kila mwanafunzi amechora mvua ya kisiwa chake. Bi Léontine amevikwa mashada ya maua hadi masikioni. Wamecheza naye ngoma uwanjani, nami nikavutwa katikati. Nimekanyaga watu wanne. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 21 Machi
Suva. Barua imefika. Noumea wanataka warsha nyingine baada ya miezi sita. Mwalimu mkuu: Bi Léontine. Msaidizi: mimi, nikijifunza Kifaransa. Mkurugenzi alinitazama kwa huruma. Nimekubali papo hapo. Mwalimu mkuu muda wote ameinamia kompyuta. Msaidizi ndiye anayesimama mbele na kuonekana kwenye picha. Prasad hajaligundua hilo.
Kitabu cha Kifaransa nimekiona maktaba. Nimekiacha kwanza. Nimekwenda mjini kuchagua shati.