Tulivyompokea Mkaguzi wa Maman Emérence

Kijiwe chetu ni gereji ya Bagula, hapa Okolona, ughaibuni. Gari halijawahi kuingia humo. Kuna viti vya plastiki, thermos mbili za chai ya tangawizi na hita moja inayonuka vumbi. Jumamosi mlango ukipanda, anayetoka shifti ya ghala anakuja moja kwa moja na viatu vyake vya chuma.

Bagula tunamwita Président kwa kuwa viti ni vyake. Polycarpe ni Avocat: hajasoma sheria hata siku moja, lakini hajawahi kushindwa kesi. Nshombo ni Overtime, anayesinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe. Mimi wananiita Greffier, kwa sababu nakumbuka nani alisema nini, na ndiyo maana hawanipendi sana.

Jumamosi ile Avocat aliingia na simu juu, mbio.

"Mulisikia? Garderie ya Maman Emérence bataifunga!"

Garderie yenyewe, nyumba anamolelea watoto wetu mchana, iko ng'ambo ya barabara, tunatazamana nayo: sebule, jiko, vyumba viwili, watoto wanane. Mapacha wa Avocat wamo. Mjukuu wa Président yumo. Mwanangu pia yumo, kwa hiyo sikucheka.

"Nani anafunga?" Président akauliza.

"Bureau ya État, ya serikali! Bibi yangu Jolie, mama ya mapacha, alipata message. Banamupa wiki tatu. Kama haitengeneze, kila mutu akamate mutoto wake."

Overtime akafungua jicho moja. "Amukamate amupeleke wapi?"

"Njo kitu minauliza!"

Président akazima redio. Kesi ikafunguliwa.

"Miye nasema ukweli," Avocat akasimama. "Hii kazi banaikuza bure. Kuchunga batoto ni nini? Unaikala. Banacheza. Saa sita banakula, banalala. Ata Overtime anaweza, juu kulala anajua."

"Nitabatangulia," Overtime akasema.

"Ndugu yangu kule Cheektowaga, batoto yake banachungwa na télévision!"

"Na couche, zile nepi, anabadilisha nani?" Président akauliza. "Télévision?"

"Bon, Président, usiharibu débat."

"Hapana, jibu! Weye ulibadilisha couche ngapi tangu mapacha bazaliwe?"

Avocat akahesabu kwa vidole, akafika kimoja, akakishusha.

Hapo Maman Emérence akaingia, bahasha ya karatasi kwapani. Jumamosi hapokei watoto. Sote tukainuka kumpa kiti. Hakukaa.

"Maman, tulisikia," Avocat akaanza, sauti ya mazishini. "Hii serikali haina haya. Tuambie nani alikuchongea, tumumalize!"

"Ni ninyi."

Chai ya Overtime ikamwagika gotini.

Naomba nieleze, maana ni kweli. Jumanne iliyopita liliegeshwa mbele ya garderie gari jeupe lenye namba za serikali. Akashuka mama mmoja, mkaguzi, na kishikwambi mkononi. Président akasema mgeni wa État hapokelewi na mwanamke peke yake. Kwetu hata agronome, bwana shamba, akifika, mtaa mzima unatoka. Basi tukavuka barabara, wanaume wanne, tukiwa na viti vyetu. Overtime alibeba sambusa. Avocat alivaa koti la harusi yake, akatoa hotuba ya makaribisho kwa Kifaransa, dakika kumi na tano, kwa mtu asiyejua Kifaransa. Yule mama alituhesabu mmoja mmoja kwa kidole. Tulidhani anahesabu sahani.

"Kosa ya kwanza ilikuwa yangu," Maman Emérence akasema. "Batoto munane banaomba bantu bazima babili. Binti moja, Umwali, alikuwa ananisaidia, ghala ikamuchukua, iko inalipa mingi. Ile mukaguzi alinielewa. Alianza kuniandikia muda ya kutafuta mwingine. Donc, munaingia. Mutu muzima asiyepimwa alama ya vidole haruhusiwe kuwa na batoto. Anaona bane! Na moja amelala mu kitanda ya mutoto."

Macho yote kwa Overtime.

"Kilikuwa wazi," akajitetea.

Sauti ya Maman ikabadilika.

"Miaka tatu naamuka saa kumi ya usiku juu ninyi muende ku kazi. Sijapata kuumwa, juu hakuna mutu wa kunikamatia fasi. Mu kanisa munasema, Maman Emérence ni muzazi yetu sote. Aksanti. Lakini hakuna ata moja alishakuja kuniuliza, Maman, ulikula?"

Niliona aibu. Miaka mitatu mwanangu amekula kwake, na mimi sikujua kama mwenyewe anakula.

"Tutaunda comité," Président akasema polepole.

"Hapana comité. Mutu moja. Apimwe vidole, afanye kozi, anipe siku mbili kwa juma, siku zingine nipokee batoto kidogo, mupaka nipate mufanyakazi."

Akaweka fomu juu ya meza ya thermos. Jamani! Président akashika mgongo. Overtime akalala, safari hii kwa makusudi. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba. Avocat akaanza, "Miye ningependa, lakini santé yangu, hii afya," simu yake ikalia, akabonyeza kitufe kibaya, gereji nzima ikamsikia Jolie:

"Baba mapacha! Garderie ikifungwa, miye siache kazi. Utabaki nabo weye. Si ulisema ni kuikala tu?"

Avocat akaivuta fomu.

"Maman," akasema, "minasaini wapi?"

Vidole vikapimwa, vikapita. Kozi akaimaliza, akatuchosha nayo. Siku ya mkaguzi kurudi, Maman Emérence alituomba msaada mmoja tu: tufunge mlango wa gereji tubaki ndani. Tukafunga. Tulikaa kwenye giza, tunanong'ona, tunachungulia kwa zamu kwenye upenyo. Gari jeupe likaja, likaondoka. Hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza.

Jioni, watoto wengine wakiwa wameshachukuliwa, mlango ukagongwa. Président akauinua nusu. Alikuwa Avocat, uji kwenye tai, pacha mmoja shingoni, mwingine ameng'ang'ania mguu. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

"Tumepita," akanong'ona.

Tulipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Président mwenyewe alifuta machozi akisingizia hita. Avocat akasubiri tunyamaze, akatoa fomu nyingine mfukoni.

"Maman anaomba mutu ingine, wa Jumatano na Ijumaa. Ni nani?"

Tukamtazama Président. Président akakitazama kitufe cha mlango, akakibonyeza. Mlango ukaanza kushuka taratibu. Avocat akainama, akamnong'oneza pacha wa mguuni, na mtoto akaisukuma ile fomu ndani kabla mlango haujagusa sakafu.

Niliiokota nikidhani ni tupu. Ilikuwa na jina langu tayari.