Ombi la Kushusha Mashada Yenye Picha ya Otis

Hadlock, Maine
9 Desemba

Kwa Bi. Arlene Pelletier,
Mwenyekiti, Kamati ya Kuokoa Mbwa

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba mumeo Roger ameacha kuwasimulia watu habari za yule kulungu aliyemkosa. Mimi ni mzima, ukiondoa hili ninalokuandikia.

Naleta malalamiko rasmi kuhusu warsha ya kutengeneza mashada ya Krismasi ya kutundika milangoni, ile ya Jumamosi iliyopita kwenye ukumbi wa wakulima. Naomba mashada yote thelathini na mawili yashushwe milangoni mwa watu kabla ya Jumamosi hii. Najua ombi ni kubwa. Soma kwanza.

Matawi ya msonobari yalikuwa yangu. Niliyavunja mwenyewe, baada ya baridi kali kupiga mara tatu, ili yasipukutike mazuliani kwa watu. Nilitoa bure kwa kuwa ulisema mapato yote ni ya mbwa. Na ni wewe uliyeniletea mbwa huyu, Otis, mwezi wa tisa ukasema, "Elwood, siku tatu tu, mpaka tupate mtu." Sikulalamika wakati ule, na sikulalamika mwezi wa kumi.

Kwenye warsha ukanikabidhi kiboksi cha picha za Otis, nifunge moja kwenye kila shada. Nilidhani mnampa heshima. Nilizifunga zote kwa waya, mafundo mawili mawili, na nikajisifu. Sikuwa na miwani. Yale maandishi madogo chini ya picha, "Natafuta makao," niliyasoma Jumapili mlangoni kwa Bi. Carver, jirani yangu, na jana ukanipigia simu kwa furaha kwamba akina Whitcomb wa Bangor wanakuja kumchukua Jumamosi saa nne asubuhi.

Kwa faida ya akina Whitcomb, pingamizi langu ni hili:

1. Otis anakoroma. Nilimwita fundi wa tanuri la kupasha nyumba joto, akalifungua lote akatafuta mlio kwa saa nzima. Mlio ulikuwa umelala nyuma yake.

2. Ni mwizi. Alimaliza sufuria nzima ya maharage niliyopika kwa ajili ya karamu ya kanisa, na vipande vya nyama ya nguruwe vyote. Yaliyofuata baadaye siwezi kumwandikia mwanakwaya kama wewe.

3. Haitikii jina lake. Anaitikia neno "lori" tu. Akishakaa kiti cha mbele cha lori langu hashuki mpaka azungushwe, kwa hiyo siku hizi naenda posta mara mbili kwa siku, na barua sipati.

4. Ana miaka kumi na moja na nyonga mbovu, ngazi hapandi. Akina Whitcomb wana nyumba ya ghorofa. Nimeiona. Nilikuwa napita tu, na Bangor ni mwendo wa saa moja na nusu. Watalazimika kushusha kitanda chao sebuleni, na nani mwenye akili timamu atafanya hivyo? Mimi nimefanya, lakini mimi naishi peke yangu.

5. Hapa sasa ni suala la usalama wa umma. Kama shada linaweza kumtoa mbwa nyumbani kwa mtu ndani ya wiki moja, mwakani litamtoa nani? Dada yangu Verna, aliye Florida, ana miaka minne akitaka nihamie kwake. Akipata picha yangu na waya, nimekwisha. Napendekeza mashada yapigwe marufuku mjini Hadlock, na kamati ikishindwa, nitaikata misonobari yangu yote, hata ile aliyoipanda mke wangu Joyce.

6. Tangu Joyce afariki nyumba hii ilikuwa kimya, na nilikuwa nimekizoea kimya hicho kwa taabu kubwa. Mbwa wako amekivuruga. Akiondoka nitaanza upya, na umri huo sina.

Nakiri kwamba mashada saba nimeshayashughulikia. Bi. Carver alinikuta kibarazani kwake akaniuliza, "Elwood, shada langu unalipeleka wapi?" Nikamwambia nalirekebisha. Nililirudisha mahali pake kiungwana, bila picha. Mafundo yale yalinipa kazi, Arlene. Nilikuwa nimeyafunga vizuri mno.

Nisalimie Roger, kwaya nzima, fundi wa tanuri ukimwona, na hata akina Whitcomb, ambao sina ugomvi nao.

Ni mimi jirani yako niliyefadhaishwa,
Elwood Dunbar
Dereva mstaafu wa greda la kuondoa theluji barabarani

N.B. Ndani ya bahasha hii utakuta fomu ya kuomba kumchukua mbwa, nimeijaza yote. Akina Whitcomb waonyeshe yule jike mdogo mwenye madoa, anapanda ngazi vizuri. Nitamfungia picha mimi mwenyewe. Swali la tisa kwenye fomu linataka nitaje kasoro zote za Otis ninazozijua. Nimeandika: hana.